Kawawa: Kutoka kutetea wafanyakazi hadi kubana migomo

Kabla ya kuitwa Simba wa Vita, Rashidi Kawawa alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1955 alishika ukatibu mkuu wa shirikisho lao, TFL, enzi ambazo silaha kubwa ya vibarua wa mkonge, wakiwemo wa Kilosa, ilikuwa kugoma.

Alipokuwa Waziri Mkuu, 1962, Bunge likapitisha sheria iliyobana migomo: usuluhishi ukishindikana, baraza linaamua, basi. Wenzake wengi wa zamani hawakuipenda.

Kawawa alifariki Desemba 31, 2009. Njia ya usuluhishi imebaki. Leo mhudumu wa hoteli Mikumi akiachishwa kazi kwa uonevu, anaanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Ana siku 30 tu.