Sir Albert Cook: Tabibu Aliyeifunza Afrika Mashariki Elimu ya Ukunga

Mwezi wa Oktoba mwaka 1896, kundi la wamishonari wa Kianglikana kutoka Uingereza lilishuka katika kisiwa cha Mombasa. Wakati huo Mombasa ndiyo iliyokuwa makao makuu ya utawala wa Waingereza katika pwani na bara yake. Ngome ya Yesu, iliyo kando ya Mji wa Kale, ilikuwa imekwisha kugeuzwa gereza, na reli ya kwenda Uganda ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kutandazwa. Miongoni mwa wageni hao walikuwemo tabibu wa umri wa miaka 26, Albert Ruskin Cook, na muuguzi Katharine Timpson.

Cook alizaliwa London tarehe 22 Machi 1870. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge na kukamilisha masomo ya utabibu katika hospitali ya St Bartholomew's. Kwa kuwa reli haikuwa imefika mbali, iliwabidi yeye na wenzake wafuate njia ya misafara, wakitembea pamoja na wapagazi zaidi ya kilomita 1,000. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya njia hiyo. Walifika Mengo, Uganda, mwezi wa Februari 1897, na mwaka huohuo Cook akaanzisha hospitali. Alimwoa Katharine mwaka 1900. Miaka miwili baadaye radi iliiteketeza hospitali hiyo, nayo ikajengwa upya kwa matofali.

Mwaka 1901, Cook na nduguye Jack, ambaye pia alikuwa tabibu, waliwatambua wagonjwa wa mwanzo wa malale nchini Uganda. Hata hivyo, suala lililomshughulisha kwa muda mrefu zaidi lilikuwa la uzazi: mimba zilizoharibika, watoto waliozaliwa wafu na akina mama waliopoteza maisha wakijifungua. Cook aliamini kwamba kaswende ndiyo iliyokuwa chanzo kikuu cha maafa hayo. Serikali nayo ilishika rai kama hiyo, na hatua za kuwapima watu kwa lazima zikafuata, zikachukiwa na wengi. Mwaka 1956 mtafiti J. N. P. Davies alitoa hoja kwamba sehemu kubwa ya ugonjwa uliodhaniwa kuwa ni wa zinaa haikuenezwa kwa njia hiyo. Hivyo, jamii nzima ilikuwa imetiwa doa la uasherati kwa utambuzi wenye kasoro. Sifa za Cook hazina budi kupimwa pamoja na jambo hili.

Kazi yake iliyodumu ni ya ualimu. Mwaka 1917 alianza kuwafunza Waafrika kuwa wasaidizi wa matabibu. Muda mfupi baadaye, Katharine alianzisha shule ya wakunga huko Namirembe, na wahitimu wake wakapelekwa kuhudumu katika vituo vya uzazi vijijini. Wanafunzi hao hawakulazimishwa kuingojea elimu hiyo kwa Kiingereza. Cook aliandaa msamiati wa kitabibu wa Kiingereza na Kiganda, kisha yeye na mkewe wakaandika kwa Kiganda kitabu cha ukunga kiitwacho *Amagezi Agokuzalisa*. Mkunga aliweza kujifunza na kufanya kazi kwa lugha ileile aliyoizungumza mama mjamzito.

Cook alistaafu mwaka 1934, miaka miwili baada ya kupewa cheo cha Sir. Katharine alifariki mwaka 1938, naye Cook akafariki Kampala mwaka 1951. Maktaba ya utabibu ya Chuo Kikuu cha Makerere ilipewa jina lake, na humo zimehifadhiwa kumbukumbu za wagonjwa wa Mengo tangu mwaka 1897.

Kwa wanaoshughulika na istilahi za Kiswahili, maisha haya yana funzo. Sayansi ya uzazi ilifundishwa kwa lugha ya Kiafrika karibu karne moja iliyopita, na waliofundishwa wakaokoa maisha. Anayedai kwamba lugha zetu haziwezi kuubeba utabibu ana deni la kuwajibu wakunga wa Namirembe.