Maisha ya Sylvester, aliyeipa matrisi jina

Wanafunzi wenzetu, ile tablo ya namba, yenye mistari ya kulala na ya kusimama, tunayoiita matrisi, ina baba yake. James Joseph Sylvester alizaliwa London mwaka wa 1814, katika jamaa ya Wayuda. Mwaka wa 1837 akatoka wa pili katika mtihani mkubwa wa matematike kule Cambridge. Lakini diploma, hapana! Ilipasa kwanza kutia sahihi chini ya maungamo ya Kanisa la Uingereza, naye hakukubali. (Sisi wa masomo ya kanisa, tulifikiri sana juu ya neno hili.)

Akajaribu kufundisha Amerika, akarudi upesi. Akahesabu kwa kampuni ya bima, akasoma sheria, na kwa kazi ile akajuana na Cayley, rafiki yake mpaka uzee. Mwaka wa 1850 akachagua jina matrisi, maana yake kwa Kilatini ni tumbo la uzazi: determina zinazaliwa ndani yake. Diploma ya Cambridge ilikuja mwaka wa 1872, yeye mzee tayari.

Mwaka wa 1889 akaonyesha kama matrisi ya mraba inafanya mambo matatu tu: kuzungusha, kurefusha ao kufupisha, na kuzungusha tena. Beltrami na Jordan walikuwa wamekwisha kuvumbua vile, kumbe yeye hakujua. Njo zile namba za kurefusha ambazo, tangu mwaka wa 2018, wajuzi wa ordinatere za kwantumu wana njia ya kuzigeuza zote pamoja, bila kuzitafuta kwanza moja moja. Sylvester alikufa London mwaka wa 1897.