Count Rumford, mjuzi aliyefundisha mataifa kuota moto bila moshi

Wakazi wa nyanda za juu kama vile Limuru, Molo na Kericho wanaifahamu fika baridi ya Julai, na wale wenye meko ya ukutani wanajua adha ya moto unaotoa moshi mwingi na joto haba. Kuni huteketea, macho yakawasha, na aliyeketi hatua chache kutoka mekoni akaendelea kutetemeka.

Adha hiyo ndiyo iliyowasumbua wakazi wa London zaidi ya karne mbili zilizopita, hadi alipotokea mtu mmoja mwenye kipaji kikubwa na tabia ya kutatanisha. Aliwaonyesha kwamba kasoro haikuwa uchache wa moto, bali umbo la meko yenyewe. Mtu huyo ni Benjamin Thompson, anayejulikana zaidi katika vitabu vya sayansi kwa cheo chake cha uungwana, Count Rumford.

Thompson alizaliwa Machi 26, 1753 mjini Woburn, Massachusetts, wakati ambapo sehemu hiyo ya Marekani ilikuwa ingali koloni la Uingereza. Babake aliaga dunia mtoto akiwa bado mchanga. Alipotimu umri wa miaka 13 alipelekwa mjini Salem kujifunza kazi kwa mwenye duka, lakini moyo wake ulikuwa katika vitabu na majaribio. Aliwahi kujiunguza vibaya akitengeneza fataki, na hata hilo halikumkatisha tamaa. Baadaye alikuwa akienda kusikiliza mihadhara ya sayansi katika Chuo cha Harvard.

Mnamo 1772, akiwa mwalimu katika mji wa Concord, New Hampshire, ambao awali uliitwa Rumford, alimwoa Sarah Rolfe, mjane tajiri aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka 10. Ndoa hiyo ilimfungulia milango ya wakubwa. Miaka miwili baadaye walijaliwa binti, naye akaitwa Sarah kama mamake.

Furaha hiyo haikudumu. Uhasama baina ya walowezi na Uingereza ulipopamba moto, Thompson aliegemea upande wa Mfalme. Majirani walimshuku kuwa msaliti, wala hawakukosea. Barua iliyogunduliwa katika karne ya 20 ilithibitisha kwamba mnamo 1775 aliwapelekea Waingereza habari za siri kwa wino usioonekana. Mwaka uliofuata alisafiri hadi London, akawaacha mkewe na mtoto. Hakumtia tena machoni mke huyo, aliyefariki mwaka wa 1792.

Ughaibuni, nyota yake iling'aa. Alikubaliwa katika Royal Society, jumuiya ya wanasayansi wa Uingereza, mwaka wa 1779, na mnamo 1784 Mfalme George III akamtunuku cheo cha Sir. Kisha akaenda Bavaria, Ujerumani, kumtumikia mtawala Karl Theodor, ambako alikabidhiwa jukumu la kulifanyia jeshi marekebisho.

Ni huko ndiko elimu yake ya joto ilikomaa. Alipotafuta vitambaa vya sare za askari, alipima jinsi kila kimoja kilivyohifadhi joto, akabaini kwamba manyoya huzuia baridi kwa sababu hunasa hewa ndani yake. Aidha, Januari 1, 1790 aliamuru ombaomba wa Munich wakusanywe na kupelekwa katika nyumba ya kazi, walikopewa chakula, makao yenye joto na vibarua vya kushona nguo za jeshi. Haukuwa ukarimu mtupu, kwani hawakuulizwa iwapo walitaka kwenda. Hata hivyo, kuwalisha watu wengi kwa kuni chache kulimlazimu kubuni majiko ya kufunikwa, ambayo yaliuelekeza moto kwenye chungu badala ya kuuacha utapakae ovyo. Kwa utumishi wake alitawazwa kuwa Count, naye akachagua jina la Rumford, mji ule alikoiacha familia yake.

Aliporejea London mwaka wa 1795 alikuta jiji limegubikwa na moshi. Meko ya wakati huo yalikuwa mapana na yenye kina kirefu, na koo la dohani lilikuwa wazi mno. Hewa iliyokwisha kupata joto ilifyonzwa na kupotelea juu, huku hewa baridi ikiingia kwa nguvu kupitia nyufa za milango na madirisha ili kujaza pengo. Kwa ufupi, mwenye nyumba alikuwa akinunua makaa ya mawe ili kupasha joto anga la London.

Rumford hakushauri nyumba zibomolewe. Alimwita mwashi, akamwagiza ausogeze mbele ukuta wa nyuma wa meko na kuzijenga kuta za kando kwa mshazari, ili miale ya joto igonge hapo na kurudi chumbani. Alitaka kuta hizo zipakwe chokaa nyeupe. Koo la dohani alilipunguza hadi kama inchi nne, yaani takriban sentimita 10, ili moshi upande kwa kasi bila kubeba hewa ya chumba kizima. Hakumsahau mfagia dohani, ambaye aghalabu alikuwa mtoto wa maskini. Aliacha nafasi iliyozibwa kwa jiwe la kuondolewa, ili mtoto huyo apite na masizi yake.

Matofali machache na saruji kidogo vilitosha. Mwenyewe alidai kwamba meko yaliyorekebishwa yalitumia nusu ya makaa ya awali, au hata pungufu. Mnamo 1796 alichapisha maelezo kamili ili fundi yeyote ayafuate, wala hakuchukua hataza ya kujilimbikizia faida. Waungwana wa London waligombania huduma hiyo, na ng'ambo ya Atlantiki Thomas Jefferson, aliyekuwa Rais wa Marekani kuanzia 1801 hadi 1809, akajengewa meko ya aina hiyo katika kasri lake la Monticello.

Mnamo 1798 aliwasilisha utafiti uliotikisa wasomi. Alikuwa ameona kwamba mzinga ukitobolewa kiwandani hutoa joto lisiloisha, kiasi cha kuchemsha maji bila moto wowote. Wengi waliamini joto ni kitu kilichojificha ndani ya vyuma. Yeye akasema ni mwendo. Mwaka uliofuata alishiriki kuasisi Royal Institution mjini London, taasisi ambayo ingali hai.

Lakini wahenga hawakukosea waliponena kwamba mganga hajigangi. Mwaka wa 1805 Rumford alimwoa Marie-Anne, mjane wa mwanakemia Antoine Lavoisier, jijini Paris. Mke alipenda wageni na mazungumzo. Mume alipenda kimya na maua yake. Siku moja Rumford aliamuru lango lifungwe ili wageni wa mkewe wasiingie, na bibi huyo akalipiza kwa kuyamwagia maua hayo maji yanayochemka. Walitengana mwaka wa 1809. Aliyepunguza baridi katika nyumba za wengi alizeekea katika nyumba isiyo na mwenza, ingawa binti yake alikuja kukaa naye katika miaka ya mwisho. Aliaga dunia Agosti 21, 1814 huko Auteuil, karibu na Paris.

Hesabu ya maisha yake si nyepesi. Aliyemtelekeza mke na mwana ndiye aliyeacha ujuzi wake wazi kwa kila mwashi. Kanuni aliyoitetea, ya kuuzingira moto na kuzuia joto lisipotee, ndiyo inayoonekana pia katika jiko la makaa lenye kauri ndani, lililoenea nchini Kenya tangu miaka ya 1980. Mwenye nyumba anayelalamikia baridi leo angefaidika kwa kuuliza swali la Rumford kabla ya kuongeza kuni au kununua mtambo mkubwa zaidi: joto nililo nalo linatorokea wapi?