Fanny Rosenfeld, bingwa wa kisahani wa Toronto

Mjukuu wangu hapa Scarborough kaanza kurusha kisahani shuleni, basi nikamsimulia habari za Fanny Rosenfeld. Alizaliwa 1904, mji ambao leo uko Ukraine, akaletwa Kanada angali mchanga. Toronto alikuwa karani wa kiwanda cha chokoleti. Kazi ikiisha, yuko uwanjani. Rekodi ya wanawake ya kisahani nchini ilikuwa yake.

Olimpiki ya Amsterdam, 1928, alipata dhahabu ya kupokezana vijiti na fedha ya mita 100. Kwenye mita 800 alimwona mwenzake, Jean Thompson, analegea. Akakimbia ubavuni mwake kumtia moyo, akamwachia nafasi ya 4.

Mwaka uliofuata baridi yabisi ikamlaza kitandani. Baadaye akawa mwandishi wa michezo gazetini. Alifariki 1969.

Mjukuu kauliza medali ngapi. Mie mwalimu mstaafu nikamwambia, kwanza ishike ile nafasi ya 5.