Dorothy Vaughan: mama aliyejifunza Fortran wakati mashini ilikuja kuchukua kazi yake

Mwisho wa miaka ya 1950, katika muji wa Hampton, jimbo la Virginia huko Marekani, wanawake waliokuwa wanalipwa kwa kufanya hesabu waliona mashini kubwa za kampuni ya IBM zinaingizwa kazini mwao. Hesabu walizokuwa wanafanya siku nyingi kwa kalamu, mashini ilikuwa inazimaliza kwa muda mufupi sana. Kati yao kulikuwa Dorothy Vaughan, mama wa watoto sita, aliyekuwa karibu kufikisha miaka 50. Alikuwa na njia mbili: kungoja mpaka kazi iishe, ao kujifunza luga ya hiyo mashini. Alichagua kujifunza, na hakujifunza peke yake.

Dorothy Johnson alizaliwa tarehe 20 Septemba 1910 katika muji wa Kansas City, jimbo la Missouri. Alipokuwa bado mutoto, wazazi wake walihamia Morgantown, katika West Virginia. Alikuwa na akili sana shuleni. Jamaa lake halikuwa na feza nyingi, lakini mashirika ya shule za Siku ya Mungu za kanisa la AME yalimulipia masomo ya chuo kikuu cha Wilberforce, katika Ohio. Alimaliza huko katika mwaka wa 1929, na diploma ya hesabu.

Walimu wake walitaka aendelee na masomo ya juu zaidi katika chuo kikuu cha Howard. Lakini mwaka ule uchumi wa Marekani ulianguka, na nyumbani walihitaji mutu wa kuleta mushahara. Aliacha nafasi ile, akaenda kufundisha. Kwa muda wa miaka 14 hivi alikuwa mwalimu wa hesabu, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo alifundisha katika shule ya sekondari ya Robert Moton, katika muji mudogo wa Farmville. Shule hiyo ilikuwa ya watoto weusi tu, kwa sababu sheria za Virginia zilitenganisha weusi na weupe. Katika mwaka wa 1932 aliolewa na Howard Vaughan, mwanaume aliyekuwa anafanya kazi ya hoteli na kusafiri mara nyingi.

Mushahara wa mwalimu mweusi haukutosha. Wakati wa likizo ya mwaka wa 1943, Dorothy alienda kufanya kazi mahali pa kufulia nguo za waaskari, katika kambi ya Pickett. Walikuwa wanamulipa santimu 40 kwa saa. Mwenye diploma ya hesabu alikuwa anapanga nguo za waaskari, kusudi watoto wapate kitu cha kuvaa na ada ya shule.

Vita vya pili vya dunia ndivyo vilifungua mulango. Katika mwaka wa 1941, Raisi Franklin Roosevelt alikuwa ametia mukono amri ya kukataza ubaguzi wa rangi katika viwanda vya vita. Shirika la serikali lililochunguza mambo ya ndege, NACA, lilikosa watu wa kuhesabu. Dorothy aliandika kuomba kazi, na katika mwezi wa Desemba 1943 alianza kazi katika kituo cha Langley, kule Hampton. Mushahara ulikuwa dola 2000 kwa mwaka, na kazi ya ualimu ilikuwa inamupa dola 850 tu. Lakini aliwaacha watoto Farmville mikononi mwa jamaa, mpaka alipopata nyumba ya kuwaleta.

Wanawake hawa waliitwa kompyuta, maana jina hilo lilikuwa la watu mbele ya kuwa la mashini. Walichukua vipimo vilivyotoka katika mifereji mikubwa ya upepo, ambamo mifano ya ndege ilikuwa inajaribiwa, wakavifanyia hesabu. Weusi walikuwa na chumba chao upande wa magaribi wa kituo, na mahali pao peke yao pa kula. Katika mwaka wa 1949 Dorothy aliwekwa kuwa kiongozi wa kundi hilo. Alikuwa kiongozi wa kwanza mweusi katika NACA. Yeye ndiye aliyemutuma Katherine Johnson katika ofisi ya wachunguzi wa ndege, na nyuma Katherine alijulikana kwa kuhakikisha hesabu za safari ya John Glenn kuzunguka dunia.

Katika mwaka wa 1957, watu wa IBM wakiongozwa na John Backus walitoa luga ya Fortran. Mbele ya hapo, kuamuru mashini ilikuwa kazi ya kuandika alama ngumu, moja kwa moja. Fortran iliruhusu mutu aandike hesabu karibu sawa na vile anaiandika kwenye karatasi, na mashini yenyewe inaitafsiri. Saa ya mashini ilikuwa bei kali. Kwa hiyo watu waliandika kwanza kwa kalamu, wakahakikisha, kisha kila mustari ukatobolewa kwenye karata yenye nafasi 80. Kosa moja, na kazi inarudi nyuma. Mutu aliyezoea kuhesabu kwa uangalifu alikuwa tayari na nusu ya elimu hiyo.

Dorothy alijifunza Fortran katikati ya kazi, akawafundisha na wanawake wa kundi lake, kusudi wasiachwe nyuma. Katika mwaka wa 1958 NACA iligeuka kuwa NASA, na chumba cha weusi kikafungwa. Aliingia katika ofisi ya kuhesabu kwa mashini, pamoja na wanaume na wanawake wa rangi zote. Alifanya kazi kwa ajili ya roketi ya Scout, iliyokuwa inapeleka satelite ndogo angani. Ni roketi ya namna hiyo iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 toka kituo cha baharini karibu na Malindi, Kenya, ikibeba satelite iliyopewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Elimu hiyo haikumaliza ubaguzi. Toka kundi lake lilipofungwa, Dorothy alitafuta tena nafasi ya uongozi, hakuipata hata siku moja. Alistaafu katika mwaka wa 1971, akafariki tarehe 10 Novemba 2008, akiwa na miaka 98. Kitabu na filamu vilivyomujulisha kwa dunia vilitoka katika mwaka wa 2016, na medali ya zahabu ya Bunge la Marekani alipewa katika mwaka wa 2019. Yeye mwenyewe hakuona hayo.

Fortran ingali hai. Watu wanaotabiri hali ya hewa wanaitumia bado. Leo programu ya kuitafsiri, gfortran, inapatikana bure, na inatumika hata kwenye kompyuta ya zamani. Kijana asiye na feza ya masomo anaweza kuanza na karatasi na kalamu, vile walivyoanza wao. Na akishajua, akumbuke mutu wa pembeni yake.