Bruce Lee naye alilazwa na mgongo

Miaka 4 sijafunga mkanda wa karate. Jumamosi nimerudi mazoezini Temeke. Teke la kwanza, bila kupasha mwili, nyonga ikagoma. Nikamkumbuka Bruce Lee, yule wa vibanda umiza vya Mbagala. Alizaliwa San Francisco mwaka 1940, akakulia Hong Kong. Mwaka 1970 aliumia mgongo akinyanyua chuma, naye inasimuliwa hakupasha. Madaktari wakamwambia asahau mateke. Miezi kadhaa jamaa yuko kitandani, anasoma, anajaza madaftari. Akarudi mdogo mdogo. Mgongo ulimsumbua hadi mwisho, ila 1971 alikuwa Thailand akiigiza The Big Boss. Alifariki Julai 1973, ana miaka 32 tu! Mimi nina 24, na ni nyonga tu. Jumanne nipo, napasha kwanza.