Papwa, bingwa aliyeanza gofu na tawi la mti

Wengi hudhani gofu ni mchezo wa wenye fedha tu. Maisha ya Sewsunker Sewgolum, maarufu kama Papwa, yanaonyesha vingine.

Alikulia Durban, Afrika Kusini, katika familia maskini ya Kihindi, na hakusoma shule. Alibeba mikoba ya wachezaji, akajifunza kwa kuwatazama na kupiga mpira kwa fimbo aliyochonga kutokana na tawi la mti. Aliishika kinyume na wengine, mkono wa kushoto chini ya wa kulia. Hakubadili. Alirudia mpigo uleule hadi mwili ukauzoea.

Mwaka 1959 alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi, akayatwaa tena 1960 na 1964. Nyumbani mambo yalikuwa magumu. Aliposhinda mashindano ya Natal mwaka 1963, alikabidhiwa kombe nje kwenye mvua, kwani ubaguzi wa rangi ulimzuia kuingia jengo la klabu. Mwaka 1965 alimshinda Gary Player. Baadaye akapigwa marufuku kushindana na Wazungu, riziki ikakatika. Alifariki mwaka 1978 akiwa maskini.

Kwa kijana wa Uroa anayetaka kujaribu, mtaji wa kuanzia ni fimbo moja iliyotumika na mipira michache. Maji yakitoka, ufuo ni uwanja wa mazoezi usio na kiingilio, mradi akae mbali na watu na mashamba ya mwani. Aanze na mpigo mfupi, miguu ikiwa imara, aurudie kila siku. Nguvu zitafuata.